Mchezo wangu hauishi

*Mwalimu, nasoma sekondari Walikale. Nimechora mchezo kwenye katoni: madereva wanapeleka mawese Goma kupitia Masisi, wakirusha dadu mbili. Unachukua masaa, wenzangu wanachoka. Nikiongeza kanuni, unazidi kuharibika. Je, sina kipaji?*
*— Mwanafunzi, Walikale*

Mdogo wangu, kipaji unacho. Kanuni ndizo zimerundikana. Mchezo usioisha mara nyingi una njia ndefu mno, au unadai namba adimu. Kwa dadu mbili, jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36. 12 kwa njia 1 tu. Kama kwenye mchezo wako kuna sehemu ya matope inayodai 12 ili kuvuka, lori litalala pale, na wachezaji nao watalala. Dai 7.

Mimi ningekata nusu ya barabara leo hii. Halafu badili kitu kimoja tu, cheza tena, andika kilichotokea. Wape wenzako kanuni kwenye karatasi, wewe unyamaze: wanapokwama ndipo pa kurekebisha. Litazame bao: mashimo 32, kete 64, dadu hakuna, na wazee hawalichoki.

Hesabu zikikushinda, mpelekee mwalimu wako wa hesabu hiyo katoni. Pengine atataka kucheza.