Kijana Amalizapo Kidato cha Sita
Somo kwa wazazi, walezi na wakatekista



Somo letu la mwezi huu lawahusu wote walio na vijana katika kidato cha tano na cha sita. Twajua sana kumwombea kijana aingiapo katika chumba cha mtihani, na twajua kumfanyia karamu akifaulu. Lakini katikati ya mtihani na chuo kikuu pana kazi nyingine, ambayo wengi wetu hatuijui, na kwa sababu ya kutoijua twawapoteza vijana waliokwisha kufaulu. Basi tushike neno moja: kuchagua chuo ni kazi ya kijana, lakini kuitengeneza njia ni kazi ya nyumba yake, na nyumba haina budi kuanza kabla majibu hayajatoka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mchungaji kijana nilibatiza mtoto wa kike katika usharika mmoja wa huku kusini. Baba yake alinitajia jina, nami nikaliandika kitabuni kama nilivyolisikia: Sofia, na baada yake jina la baba. Sikuuliza jina la babu, wala sikumsomea mzazi niliyoyaandika. Mtoto alipopelekwa shule, mwalimu aliandika Sophia. Alipotoka unyagoni alipewa jina jingine, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa huku, na jina hilo likaingia katika karatasi za sekondari. Miaka ikapita. Binti akafaulu vizuri kidato cha sita, akapata nafasi ya chuo kikuu. Alipokwenda kuomba mkopo, cheti cha kuzaliwa, kilichofuata cheti changu cha ubatizo, kilionyesha mtu mmoja, na vyeti vya mtihani vilionyesha mtu mwingine. Alipokwisha kuzunguka kutafuta hati ya majina, muda wa kuomba ulikuwa umepita. Alikaa nyumbani mwaka mzima akibangua korosho pamoja na mama yake. Mwaka wa pili alikwenda chuoni. Lakini ule mwaka mmoja nauweka katika hesabu yangu, maana ulianza katika kalamu yangu.

Neno la kwanza: Majina na vyeti

Wakatekista, neno hili ni letu kwanza. Mzazi aliyechelewa kumwandikisha mtoto wake, aendapo kutafuta cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiyo RITA, huulizwa ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha shule, au cheti cha ubatizo. Kwa hiyo kitabu chetu cha ubatizo si cha kanisa tu. Chaweza kumfungulia mtu mlango, au kumfungia. Mwandikapo jina, andikeni majina yote, msomeeni mzazi herufi kwa herufi, tena mwulizeni kama ndilo jina litakalotumika shuleni.

Mzazi naye avitandaze mezani vyeti vya mtoto wake wote angali katika kidato cha tano: cha kuzaliwa, cha darasa la saba kama kipo, na cha kidato cha nne. Avisome kwa pamoja. Akiona majina hayapatani, asingoje. Kuna njia ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kuna hati ya majina inayosajiliwa serikalini. Zote mbili zataka siku na nauli. Ikiwa kijana ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi wake kitafutwe pia, kwa maana kitahitajiwa katika maombi ya mkopo.

Neno la pili: Mlango ulio wazi

Watu wengi hudhani ya kuwa aliyefaulu kidato cha sita aweza kusoma lolote atakalo. Sivyo. Chuo hutazama masomo yenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, nacho chapatikana bure katika tovuti yake. Humo imeandikwa kila chuo kilichokubaliwa, kila kozi, na masomo yanayotakiwa kwa kila kozi.

Hesabu yake ni nyepesi. Alama A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, E pointi 1. Kwa kawaida mwombaji wa shahada hutakiwa ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusu kozi ile, na pointi zake zisipungue 4. Mwenye D mbili anazo 4. Mwenye C moja na E moja pia anazo. Lakini hicho ni kizingiti tu. Kozi inayotafutwa na wengi huchukua wenye pointi nyingi kwanza, na kozi nyingine zina sharti lake zaidi. Atakaye udaktari wa watu hana budi kuwa amefaulu fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu, kila moja kwa D au zaidi. Basi kijana aliyesoma fizikia, kemia na hisabati hawezi kuuingia mlango huo, hata kama ana A tatu. Kwa hiyo mazungumzo ya chuo kikuu yaanze wakati wa kuchagua tahasusi ya kidato cha tano, yasingoje mwisho wa kidato cha sita.

Neno la tatu: Kuchagua bila kufuata kelele

Sisi wa pwani hii tumepata fundisho kubwa. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, upande wa Msimbati, mwaka 1982. Habari za bomba la kwenda Dar es Salaam zilipotoka, mwaka 2013 Mtwara iliingia katika ghasia, watu wakaumia na mali ikateketea. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Katika miaka ile wazazi wengi walisema, mtoto wangu na asome mambo ya gesi na mafuta. Si neno baya. Lakini kazi ya bomba yataka mikono mingi wakati wa kulilaza ardhini, na mikono michache wakati wa kulitunza. Nayo mazungumzo ya kiwanda kikubwa cha gesi huko Lindi yamechukua miaka mingi. Kijana aliyechagua kozi kwa sababu ya kelele za mwaka mmoja alimaliza masomo wakati kelele zimekwisha nyamaza.

Angalieni pia kazi zilizopo machoni petu. Naliendele pana taasisi ya utafiti wa kilimo inayojulikana kwa kazi ya korosho. Mdomoni mwa Ruvuma pana Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha kilimo na ufugaji wa samaki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha mambo ya bahari na uvuvi. Mtoto wa mvuvi haoni haya kusoma samaki. Ni sisi wazazi tunaoona haya kwa niaba yake.

Tena tusidhani ya kuwa shahada na kazi ni kitu kimoja. Mzee Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso katika wilaya ya Masasi mwaka 1938, akasoma Ndanda, kisha akaenda Makerere, Uganda, maana alipoingia huko nchi yetu haikuwa na chuo kikuu. Kile cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Shahada yake ilikuwa ya Kiingereza. Kwa shahada hiyo alikuwa mhariri wa magazeti, kisha mwanadiplomasia na waziri, hata akawa Rais toka mwaka 1995 hadi 2005. Hakuna aliyemwambia mwaka 1962 ya kuwa Kiingereza ni somo la urais. Alilisoma vizuri, likamfundisha kufikiri na kuandika. Kwa hiyo mwulizeni kijana maswali matatu: ni somo gani ulipendalo hata bila kusukumwa? Ni kozi zipi ambazo pointi zako zaweza kukufikisha? Ni kazi gani zaidi ya moja ziwezazo kutoka katika kozi hiyo?

Kuhusu mahali, kuna chuo kilicho karibu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichoanzishwa hapa Mtwara na Wakatoliki mwaka 2009, husomesha walimu na watu wa biashara. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Mtwara kwa wale wasioweza kuacha kazi au nyumba. Wengine wetu hupenda kuwapeleka watoto Makumira kwa kuwa ni chuo cha kanisa letu. Vema, lakini kozi na itazamwe kwanza, jina la kanisa baadaye. Haimpasi mtu kusafiri mpaka Arusha kutafuta kozi iliyopo mlangoni pake, wala kubaki mlangoni ikiwa kozi aliyoitiwa iko mbali.

Neno la nne: Kuomba kwenyewe

Zamani kidogo maombi yote yalipitia mahali pamoja, kwenye Tume. Tangu mwaka 2017 kijana huomba moja kwa moja katika chuo, kwa njia ya tovuti ya chuo kile, na hulipa ada ya maombi kwa namba ya malipo apewayo. Aweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri atakayopelekewa katika simu au barua pepe. Asipothibitisha katika muda uliowekwa, nafasi yaweza kumpotea.

Hapa pana shimo ambalo wengi wameanguka. Kijana asiye na kompyuta huenda dukani kwa mtu ajuaye mitandao, na yule mtu, kwa kuharakisha, huandika namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Namba ya siri ikija, yaja kwa mwenye duka. Yeye amekwisha msahau kijana, au amehama. Basi simu iwe ya kijana au ya mzazi wake, na neno la siri liandikwe katika daftari la nyumbani. Na mtu akisema, nipe fedha nikununulie nafasi, mkimbieni, nafasi haiuzwi.

Jambo jingine: mtihani hufanywa mwezi wa Mei, na majibu hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai. Vijana wengi wakati huo wamo kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo kabla hajaondoka, kijana amwachie mzazi au katekista nakala za vyeti, namba zake za mtihani wa kidato cha nne na cha sita, na orodha ya kozi alizozichagua kwa utaratibu wa kuzipenda.

Neno la tano: Kuhesabu gharama

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, naye huketi kwanza kuhesabu gharama. Kupata nafasi chuoni si kupata mkopo. Ni maombi mawili, katika ofisi mbili. Mkopo huombwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fomu yake yataka mdhamini, sahihi ya kiongozi wa mtaa au kijiji, na kiapo mbele ya wakili au hakimu. Na cheti cha kuzaliwa sharti kiwe kimehakikiwa na RITA. Si kila mwombaji hupata, wala si kila apataye hupewa gharama zote. Na mkopo ni deni: mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka aumalize.

Wengi wetu hutegemea korosho. Lakini minada huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na fedha za maombi, za vyeti na za nauli zahitajiwa toka Juni hata Septemba, wakati mifuko ni mitupu. Tena msimu una mambo yake. Mwaka 2018 bei ilikataliwa, minada ikasimama, serikali ikanunua yenyewe, na malipo ya wengi yakachelewa. Mwenye mtoto katika kidato cha tano na aweke kando sehemu ya korosho za mwaka huu kwa ajili ya mwaka ujao.

Neno la sita: Asiyepata

Kijana ambaye pointi zake hazikutosha asihesabiwe kuwa amepotea. Aweza kusoma stashahada katika chuo cha afya, cha kilimo, cha uhasibu au cha ufundi, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi aweza kuomba shahada kwa stashahada hiyo. Njia hiyo ni ndefu, lakini amalizapo huwa na kazi ya mikono tayari. Msimwaibishe mbele ya ndugu zake.

Maswali ya mazungumzo

1. Je, majina ya mtoto wako yapatana katika vyeti vyake vyote? Ulivitazama lini?
2. Katika mtaa wetu, ni nani anayeweza kumsaidia kijana kuomba kwa mtandao bila kumdanganya?
3. Je, kozi tuliyomchagulia kijana wetu ni ya kwake, au ni ya kelele za majirani?
4. Msimu huu tutaweka nini kando?

Katekista na asome somo hili pamoja na wazazi kabla ya mwezi wa Mei. Nami, kila nifunguapo kitabu cha ubatizo sasa, namwomba mzazi akae karibu nami, anitamkie jina polepole, kisha namsomea nililoandika.