Daktari Akishakutajia Bodalaini

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Igoma, barua ndefu, swali moja: nitakuwa hivi mpaka lini? Una miaka 24. Daktari amekuambia una tatizo la haiba la aina ya bodalaini, ukatoka na cheti mkononi ukiamini kwamba basi tena: kumpenda mtu Jumatatu na kumchukia Alhamisi, kujikata, kuomba radhi, kuanza upya, hadi uzeeni.

Hapana, mdogo wangu. Na sisemi hivi ili kukubembeleza.

Mwaka 1992, Mary Zanarini na wenzake wa hospitali ya McLean, huko Massachusetts, Marekani, walianza kuwafuatilia watu 290 wenye tatizo kama lako. Wote walikuwa wamelazwa, yaani hali zao zilikuwa nzito. Ilipotimia miaka 10, asilimia 93 walikuwa wameshakaa angalau miaka 2 mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Ilipofika miaka 16, karibu wote. Wengi wao walikuwa wakipata matibabu, jambo ambalo huku kwetu ni la kuhangaikia, nalijua hilo. Lakini anayekuambia ugonjwa huu ni wa kufa nao, hajui yaliyoonekana.

Kujiumiza na majaribio ya kujiua ndivyo vinavyopungua mapema. Hasira, upweke na ile hofu ya kuachwa huchelewa kuondoka. Halafu kuna hili ambalo nataka ulishike: katika miaka ile 10, ni nusu tu waliopata nafuu ya dalili pamoja na kazi au masomo ya kueleweka na mtu wa kumtegemea. Dalili ziliwaachia, ila maisha hayakujijenga yenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na shangazi yako anayetaka ukae ndani mpaka upone kabisa. Umeniambia uliacha kuchambua dagaa pale mwaloni Kirumba baada ya kugombana na tajiri. Rudi kazini, kama si kwake basi kwa mwingine, hata kwa nusu siku. Na ujue kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, nawe utakosa kazi. Siku hizo zipange kabla hazijafika: kanisani, kwa dada yako, kufua, chochote chenye watu. Ukiziacha tupu, upweke utazijaza.

Na huyo mchumba wa Ukerewe. Akiwa ziwani na simu yake isipopatikana, unaamini amekuacha, unamtumia meseji za matusi usiku kucha, asubuhi unalia. Mdogo wangu, ziwani mtandao hukatika! Kubalianeni saa ya kupigiana akiwa nchi kavu. Kabla ya saa hiyo, hofu ikipanda, nawa uso kwa maji baridi, toka nje, utembee. Usiandike kitu. Mawimbi hayo ya hofu hushuka, hata yanapokudanganya kwamba safari hii hayatashuka.

Mbinu za namna hii zimo katika tiba aliyoibuni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Hartford, akijiumiza vibaya. Alikuja kuwa profesa, na mwaka 2011 akarudi palepale kuisimulia habari hiyo hadharani. Nakutajia hili kwa sababu nyumbani kwenu wanasema unatafuta kiki, na wengine wanataka kukupeleka kwa mganga. Maumivu yako ni ya kweli na yana tiba.

Tiba yenyewe ni mazungumzo, ya mara kwa mara, na mtu aliyesomea. Hakuna kidonge kinachoondoa bodalaini. Vidonge husaidia yanayoambatana nayo, kama sonona. Kwa hiyo ukienda kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Bugando usiridhike na dawa tu. Uliza nani atakaa nawe kuzungumza, na lini tena. Nauli ya daladala ikiwa shida, mwambie daktari pia, akupangie tarehe unazoziweza. Anayekosa kliniki mara kwa mara ni rahisi kuacha kabisa.

Sitakuficha: katika wale waliofuatiliwa wapo waliojiua. Kwa hiyo dawa za shambani na vidonge vilivyobaki visikae chumbani kwako, mama avitunze. Mawazo ya kufa yakikuzidi, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwamshe mama usiku uleule, mwende hospitali iliyo karibu, mapokezi ya dharura, na useme wazi kwamba unataka kujiua. Maneno hayo hayo, bila kuyazungusha, ili anayekupokea ajue la kufanya.

Mama naye akitaka kuniandikia, aandike. Nitamjibu.