Hulka, Mazoea au Vituko?

SWALI: Mume wangu hanywi chai mpaka aifunike kwanza kwa kisahani, na akishafunga mlango lazima arudi autikise. Mimi naviita vituko. Wifi yangu anasema ni hulka yake. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, kila mmoja wenu amegusa upande mmoja tu.

Hulka ni umbile la nafsi: upole, ukimya, wepesi wa hasira. Neno hili limetoka Kiarabu na lina mzizi mmoja na kitenzi huluku, yaani kuumba. Mtu huzaliwa na hulka yake. Hakuna azaliwaye akifunika chai, kwa hiyo wifi yako amekwenda mbali.

Kituko ni jambo lisilo la kawaida linaloshangaza au kuchekesha. Neno hili hueleza zaidi hisia za anayetazama kuliko moyo wa anayetenda. Ukilisema kwa kicheko, ni mapenzi. Ukilisema kwa ukali, ni lawama. Ila usivuke ukasema vitimbi, maana hapo umeshamtuhumu kwa hila.

Neno linalomfaa mumeo ni mazoea, kutokana na kitenzi zoea: jambo lililorudiwa hadi likamkaa mtu. Wahenga walisema mazoea hujenga tabia, nao walijua kwamba mtu hujengeka polepole.

Mkiwa wawili mnacheka, vituko si neno baya. Mbele za watu, tafadhali sema mazoea. Litamtunzia heshima yake.