Kisa Kwanza, Sarufi Baadaye: Vidokezo vya Kuzoea Kiingereza cha Wakati Uliopita

Wengi tulikariri "go, went, gone" darasani na mtihani tukafaulu, lakini tukiombwa kusimulia mambo ya jana ulimi unakwama. Jedwali la vitenzi peke yake halimfundishi mtu kuzungumza. Mpe kisa anachotamani kukisimulia, na vitenzi vitamfuata. Visa vya uvumbuzi na kumbukumbu za nyumbani vinafaa sana.

1. Anza na Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yake yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu hakumwamini. Kijana hakukata tamaa, na mwaka 1969 makala aliyoandika na mwanafizikia Denis Osborne ikachapishwa. Wanasayansi wanaubishania ugunduzi huo hadi leo. Sasa kisimulie: "Mpemba was making ice cream. He put the hot milk in the freezer. An hour and a half later, his had frozen, but his friend's was still liquid." Umeona? Jambo lililokuwa likiendelea, lililotokea mara moja, na lililokwisha kabla ya wakati unaotajwa, yote yamo katika sentensi tatu. Rudia mpaka uweze kusema bila kutazama karatasi.

2. Ukitaja tarehe, achana na "have". Kwetu wengi husema "nimemwona jana", ndiyo maana tunateleza na kusema "I have seen him yesterday". Kiingereza hakikubali. Zoezi: "M-Pesa started in Kenya in 2007." Mwaka umetajwa, basi "started". Ondoa mwaka, zungumzia hali ya leo: "M-Pesa has changed the way we send money."

3. Kaa na bibi au babu. Muulize: "Bibi, kabla ya simu za mkononi mlikuwa mnapelekeana habari vipi?" Atakueleza barua zilizopelekwa kwa basi, redio iliyokusanya mtaa mzima saa ya taarifa ya habari, pasi ya mkaa, taa ya chemli. Msikilize kwa Kiswahili, usimkatishe, kisha jioni msimulie rafiki kwa Kiingereza. Mambo ya mazoea yanataka "used to": "My grandmother used to send letters by bus." Usiongeze "was" mbele yake, kosa hilo nalisikia kila mara. Kati ya mazoezi yote hili ndilo nilipendalo zaidi, kwa kuwa unajifunza lugha ya wageni huku ukihifadhi habari za ukoo wako.

4. Ulizaneni wawili wawili. "When did Bell get his patent for the telephone?" "He got it in 1876." Baada ya "did" kitenzi kinarudi umbo lake la kawaida, kwa hiyo "did you went" haipo.

5. Nani alitangulia? Edison husifiwa kwa taa ya umeme ya mwaka 1879, lakini wengine walikwisha kutengeneza taa kabla yake, akiwemo Joseph Swan wa Uingereza. "Other people had made electric lamps before Edison tested his." Mabishano ya namna hii yanafanya "had" itoke yenyewe.

6. Sikiliza mwisho wa kitenzi. "Invented" na "wanted" hutamkwa na silabi ya ziada; "called" na "watched" hazina. Jirekodi kwa simu ukisimulia kisa cha Mpemba, jisikilize, kisha jirekodi tena wiki ijayo.