Somo la Mwezi: Agosti katika boma la nyanda za juu

Mwezi wa Agosti huwakuta wakazi wengi wa Nyandarua wamevaa sweta mbili, wakihesabu siku. Msimu wa gathano, kama wazee wetu wanavyouita, huanza Juni, na kufikia sasa umebakisha majuma machache tu. Hata hivyo, majuma haya ya mwisho ndiyo yenye kazi nyingi bomani. Viazi vya masika vinasubiri kuchimbwa, ndama wanakohoa zizini, watoto wako nyumbani kwa likizo, na jiko la makaa linaingizwa ndani mapema kuliko kawaida. Somo la mwezi huu linapitia mambo hayo moja baada ya jingine, na litakaa zaidi pale ambapo kosa dogo hugharimu mavuno au uhai.

Baridi yenyewe inatoka wapi

Kati ya Juni na Agosti jua huwa limeelekea kaskazini mwa ikweta, na pepo za kusi huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka bahari ya kusini. Hewa hiyo hupanda hadi kwetu na kufanya mawingu mazito ya chini. Ndiyo sababu unaweza kukaa siku tatu Kinangop bila kuona jua kabla ya saa nane mchana. Ongeza kimo: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na sehemu kubwa ya uwanda wa Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Jambo ambalo wengi huchanganya ni hili: mawingu hayo yanayotukera mchana ndiyo yanayotukinga usiku. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani kukiingia giza, na mawingu hulizuia kama blanketi. Mawingu yakifunguka, nyota zikaonekana zote na upepo ukatulia, hapo ndipo jalidi huanguka, ule weupe unaoupata asubuhi juu ya nyasi. Kwa hiyo jioni nzuri ya Agosti isikufurahishe sana kama una miche shambani. Jalidi si ya Agosti pekee, kwani usiku mkavu wa Januari na Februari huweza kuwa mbaya zaidi, lakini kanuni ni ile ile.

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Hushuka kutoka mteremkoni na kutuama bondeni, kando ya mto, au nyuma ya ua mnene unaoizuia kupita. Ndiyo maana shamba la jirani lililo hatua chache juu yako linaweza kupona huku lako likiungua. Kipande cha chini kipewe kabeji, sukuma wiki, karoti au oti, ambazo huvumilia. Maharagwe, mahindi na viazi vipande juu kidogo. Kwa kitalu, mwagilia udongo maji mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu hushika joto kuliko mkavu. Funika miche kwa nyasi au magunia kabla jua halijazama, na uyaondoe jua likishapanda.

Jalidi au baa la viazi?

Swali hili huwafikia maafisa wa ugani kila msimu, na jibu lake lina pesa ndani yake, kwa kuwa mkulima anayekosea hununua dawa isiyohitajika au huacha kununua ile inayohitajika.

Jalidi hufanya kazi usiku mmoja. Unalala shamba likiwa kijani, unaamka majani ya juu yameloa kama yaliyochemshwa, na kufikia jioni yamekuwa meusi. Huonekana zaidi sehemu za chini za shamba, na huunguza magugu laini yaliyo kando pia. Dawa ya kunyunyiza haitasaidia hapo. Kama mimea bado ni michanga, usiing'oe haraka, kwani viazi huweza kuchipua tena kutoka chini ya udongo.

Baa chelewa, ambalo wengi wetu tunaliita bleiti, huchukua siku kadhaa. Huanza na madoa ya rangi ya kahawia iliyoiva, yaliyozungukwa na kijani kilichofifia. Geuza jani asubuhi kukiwa na umande: ukiona ukungu mweupe upande wa chini, umelipata. Ugonjwa huu hupenda hasa hali tuliyo nayo sasa, ubaridi na majani yasiyokauka mchana kutwa. Dawa nyingi za bleiti ni za kinga. Hufanya kazi zikiwa juu ya jani kabla ugonjwa haujaingia, si baada ya shamba kunuka. Soma kibandiko, uzingatie siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mwulize afisa wa ugani wa wadi yako kabla ya kuchanganya dawa mbili.

Kuchimba, na kuweka

Kwa wenye viazi vilivyokomaa, kata mashina ukiacha viazi ardhini kwa takriban wiki mbili kabla ya kuchimba. Ngozi hukomaa, na kiazi hakichubuki kwa kidole. Mashina yenye bleiti yaondolewe kabisa shambani, yasiachwe juu ya matuta, kwa kuwa mvua huosha vimelea hadi kwenye viazi. Chimba siku kavu. Mwezi huu huenda ukaisubiri siku hiyo, na inafaa kuisubiri, maana viazi vilivyotiwa ghalani vikiwa na tope huozeana.

Viazi vya kula na kuuza viwekwe gizani. Mwanga huvigeuza kijani, na penye kijani huwa na sumu iitwayo solanini ambayo kuchemsha hakuiondoi. Viazi vya mbegu ni kinyume: vinahitaji mwanga hafifu, si jua kali, ili vitoe machipukizi mafupi yenye nguvu badala ya marefu meupe yanayokatika ukiyagusa. Kwa hiyo ghala mbili, hata kama moja ni kona tu ya kibanda.

Kuhusu kuuza, tukumbushane kwamba Kanuni za Viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50. Mfuko wenye kilemba juu ni kiazi chako kinachoondoka bila kulipwa.

Ndama na ng'ombe

Ng'ombe mkubwa mwenye afya huivumilia baridi yetu vizuri. Tumbo lake likisaga majani makavu hutoa joto, ndiyo sababu kumpa nyasi kavu jioni kuna maana. Ndama hana mtambo huo bado. Adui yake ni kulala palipoloa huku upepo ukimpiga, na hapo nimonia humwingia.

Mpe dang'a mapema, ndani ya saa sita za kwanza baada ya kuzaliwa, kwani kinga iliyo ndani yake hupita kwenye utumbo wake kwa muda mfupi tu. Mwekee matandiko makavu. Zuia upepo upande mmoja, lakini usimfungie pande zote. Zizi lililozibwa kabisa hukusanya harufu kali ya mkojo, na harufu hiyo huchoma mapafu. Ukiinama kwa kimo cha ndama na macho yako yakawasha, fungua. Ndama anayepumua kwa kasi, anayetoa makamasi na kukataa maziwa aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Oti zilizo tayari ni afadhali zifanywe saileji mwezi huu kuliko kujaribu kukausha nyasi katika ukungu. Lishe iliyoota kuvu usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu ya kuvu hupitia kwake na kuingia katika kikombe cha mtoto wako.

Jiko la makaa

Hapa ndipo tunapoomba msomaji apunguze mwendo. Kila msimu wa baridi, nchini kote, kuna familia zinazolala na jiko la makaa chumbani na haziamki.

Wengi huamini kwamba hatari ni moshi, kwa hiyo husubiri makaa yashike vizuri nje, yawe mekundu bila moshi, ndipo huyaingiza. Makaa hayo mekundu bado hutoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na haimkohozi mtu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Katika chumba kilichofungwa, chenye magunia kwenye nyufa za mbao, oksijeni hupungua na makaa huzidi kuitoa hewa hiyo. Aliyelala hana nafasi ya kujua.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Ikiwa watu wawili au watatu katika chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, msitafute dawa ya maumivu. Tokeni nje wote, kisha mwende hospitali hata kama mmepata nafuu. Ukimkuta mtu amelala haamki, fungua milango, mtoe nje kwanza, jiko baadaye.

Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Ota moto jikoni penye hewa, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala. Chumba cha kulala kipashwe kwa blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Tunajua ni rahisi kuandika hivi ukiwa ofisini na ni vigumu kutenda saa tatu usiku mtoto anapotetemeka, lakini hatuna njia nyingine ya kulisema.

Kifua cha mtoto

Mafua ya Agosti mengi huisha yenyewe. Nimonia haisubiri, na mzazi anaweza kuitambua kwa saa au simu. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kwenda kituo cha afya usiku huo, si kesho. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuhesabia pumzi ukiwa na shaka. Chanjo ya nimokoka, inayotolewa nchini tangu 2011, hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama kijitabu kina pengo, kipeleke.

Baridi pia ina wema wake. Pareto haitoi maua vizuri bila majuma ya baridi, na usiku wa baridi ndio unaojaza kiazi chini ya udongo. Mwishoni mwa mwezi mawingu huanza kuachia asubuhi. Hapo toa mbegu za viazi uzikague: Shangi huchipua upesi, na machipukizi yakiwa marefu mno kabla ya mvua ya vuli ya Oktoba, sogeza trei karibu zaidi na mwanga.