Kidole au namba ya siri?

SWALI: Mume wangu hufungua programu ya M-PESA kwa alama ya kidole. Mimi bado natumia namba ya siri, naye husema wanawake tunaogopa teknolojia. Je, ni kweli?
Mama mkulima, Mabanga, Bungoma

JIBU: Mama, huo si woga. Kwanza jiulize simu ni ya nani. Kama mnatumia moja, kila kidole kilichosajiliwa humo huifungua, na mara nyingi hufungua hata programu ya pesa. Mwanamke anayeweka pesa za chama humo ana haki ya kusita.

Tena mikono inayopalilia mahindi na kufua kila siku huchakaa mistari ya vidole, simu ikakataa kuvisoma huku mwenye duka anasubiri. Kutambua watu kwa sura nako kuna matatizo yake: mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kubaini jinsia kwa picha zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe.

Lakini usiikatae njia hii. Kwa kawaida alama ya kidole hubaki ndani ya simu yako. Si kama mboni za macho zilizopigwa picha na mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin, ambao serikali yetu iliusimamisha Agosti 2023. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, ufute vidole visivyo vyako, kisha usajili vyako viwili au vitatu, mikono ikiwa safi na mikavu. Namba ya siri ibaki yako peke yako, hata mzee asiijue.