Tumbo la Funza Si Jalala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Anayefuga funza wa nzi askari mweusi, yule ambaye wafugaji wengi humwita BSF, anafuga tumbo. Nzi akishakuwa mzima hahitaji kula tena. Anaishi kwa akiba aliyoiweka mwilini alipokuwa funza. Majuma mawili matatu ya ufunza ndiyo maisha yake yote ya mezani. Ukiyachezea, usimtafute mchawi: funza watadumaa, kreti unamowafugia litanuka, na kuku wako wanaowala hawatanenepa. Shika haya.

FANYA

1. Saga au katakata kwanza. Funza hana magego. Anakwangua na kufyonza kilicholainika. Kipande kisizidi sentimita 1 au 2. Kiazi kizima ulichokitupa Jumatatu utakikuta Ijumaa, kimeota ukungu.

2. Pima maji kwa mkono. Chakula kizuri kina maji asilimia 70 hadi 80. Kamata konzi moja, ukamue: yatoke matone machache tu. Nyanya na matikiti ya sokoni yana maji mengi, basi yachanganye na pumba za mahindi. Kikiwa kikavu, funza hawezi kukimeza. Kikiwa uji, hewa inakosekana, na usiku utawaona wanapanda kuta za kreti kukimbia.

3. Changanya wanga na protini. Ugali na viazi vilivyobaki kwa mama lishe wa Bunda ni wanga. Vikiliwa peke yake, funza anajaa mafuta na protini inakuwa haba. Matumbo ya samaki ni protini. Yakizidi, ile ya ziada inageuka amonia inayowasha macho. Mlo wa funza, kama wako, unataka ugali na kitoweo.

4. Tumia mabaki ya samaki, ila kwa kipimo. Vichwa na matumbo ya sato na sangara katika mwalo wa Mwigobero, Musoma, ni mali. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchanganya mabaki ya samaki na samadi ya ng'ombe. Mafuta katika mwili wa funza yalipanda kutoka asilimia 21 hadi wastani wa 30, na ndani yake wakakuta omega-3, ambayo waliokula samadi tupu karibu hawakuwa nayo. Anachokula funza ndicho atakachokula kuku wako. Lakini hata watafiti hao hawakuvuka nusu ya mlo. Nawe usivuke.

5. Lisha kwa awamu. Funza 10,000 wa siku tano, katika kreti la sentimita 60 kwa 40, wanatosheka na kilo 15 za mabaki mabichi kwa siku 12. Gawa mara tatu: siku ya kuwaweka, siku ya tano na siku ya nane. Ukimwaga zote kwa mkupuo, cha chini kitachacha na kupata moto kabla hakijafikiwa.

6. Shika mlo mmoja hadi mavuno. Utumbo wa funza hujirekebisha. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa funza wanaolishwa mboga duni hubadili utendaji wa utumbo ili wavune zaidi kutoka kile kidogo walichopata. Hata hivyo, kwa mlo huo duni wanachelewa kukua. Leo maganda, kesho matumbo ya samaki, keshokutwa pumba, huko ni kulitesa tumbo.

7. Siku ya mwisho peke yake, vunja kanuni hiyo: wape pumba safi tu. Matumbo yaondoe uchafu, ndipo uvune.

USIFANYE

1. Usimwage maganda mabichi ya muhogo. Yana sumu ya sianidi. Mtu wa Mara hahitaji kufundishwa hili: mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu njaa iliwafanya waharakishe kuandaa muhogo mchungu. Bibi wa Butiama anayevundika muhogo wa udaga anajua kwa nini anasubiri. Katakata maganda, yavundike au yaanike kwanza.

2. Usilishe magunzi, mabua wala maganda ya mpunga. Funza si ng'ombe; hana tumbo la kucheulia. Nyuzi ngumu zinapita kama zilivyoingia, zimejaza utumbo na kuuacha na njaa.

3. Usimimine mafuta machafu ya chipsi. Funza anapumua kwa vitundu vya mwilini. Utando wa mafuta unaviziba, naye anakufa chakula kikiwa mdomoni.

4. Usilishe kayabo. Chumvi inayomhifadhi samaki safarini inamkausha funza.

5. Usitumie samadi ya ng'ombe aliyechomwa ivermectin juzi. Dawa hiyo hutoka kwa wingi kwenye kinyesi, na huua funza wa nzi. Vilevile mboga iliyopuliziwa dawa ya pamba: dawa ya wadudu haijui kuwa huyu ni mdudu wako.

6. Usiokote mabaki jalalani, kwenye betri na vyuma. Funza hukusanya kadimiamu mwilini, na tumbo lake haliwezi kuiharibu. Itahamia kwa kuku, kisha mezani kwako.

7. Usidanganyike kwamba tumbo la funza linaua kila kijidudu. Ni kweli, katikati ya utumbo wake kuna tindikali kali, pH karibu 2, na bakteria wengi, wakiwemo salmonela, hupungua. Lakini mayai ya minyoo ya Ascaris huvuka salama. Funza waliokula samadi wachemshe kabla ya kuwakausha. Nani alikuambia kukausha juani kunatosha?

8. Usimlaumu funza. Kreti likinuka, kosa ni la aliyelisha. Rudi kwenye ndoo ya chakula, si kwenye mayai ya nzi.

Ziwa lina samaki, mashamba yana muhogo, masoko yana mabaki kila jioni. Chakula cha funza hakitatuishia Mara. Kinachotuishia ni subira ya kuchambua. Kabla hujamwaga ndoo ya leo, chungulia ndani. Kitu usichoweza kukitaja jina, kitoe.